Mafundi wa Sauti Katika Maji ya Lualaba

Mto Lualaba, upitao karibu na Kasongo na Nyangwe kabla ya kushuka Kindu na kuyafikia maporomoko ya Ubundu, umeandikwa na wasafiri wengi na kupigwa picha na wengi zaidi, walakini waliokuja kuuchukua kwa sikio wamekuwa wachache, na majina yao hayatajwi hata na watu wapendao sinema. Mmoja wao alikuwa Mwingereza, John Mitchell, aliyeletwa huku katika mwaka 1951, zama za Wabelgiji, awe fundi wa sauti wa filamu ya The African Queen. Na kwa kuwa safari ile ilikuwa sehemu moja tu ya maisha marefu ya kazi, na kazi yenyewe haijulikani sana miongoni mwetu, nimeona si vibaya kuieleza habari yake kwa wasaa, pamoja na habari ya mwenziwe aliyefanya kazi hiyo hiyo katika nchi za jirani baada yake.

Sisi Wamaza wa Kasongo na Kabambare hatuhitaji kuonyeshwa njia aliyopita. Tangu mwaka 1906 gari la moshi lilikuwa likienda baina ya Stanleyville na Ponthierville, ndizo Kisangani na Ubundu za leo, mwendo wa kilomita 125, ili kuyakwepa maporomoko. Kutoka Ponthierville merikebu za mto zilipanda hadi Kindu. Na tangu mwaka 1911 reli ya pili iliiunganisha Kindu na Kongolo, ikawa ndiyo mlango wetu wa kutokea duniani. Watu wa sinema waliingia kwa mlango wa chini. Walishuka kwa ndege Stanleyville, wakapanda gari la moshi lililokuwa likila kuni, wakafika Biondo, karibu na mto Ruiki ambao humwaga maji yake katika Lualaba, na huko wakakuta kambi iliyojengwa kwa miti na majani kwa ajili yao.

Hadithi ya filamu ile ilitoka katika kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935, nayo inasimulia mambo ya mwaka 1914: dada wa mmisionari Mwingereza na nahodha mpenda ulevi wanateremka mto kwa mashua mbovu, katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, wakikusudia kuizamisha manowari ya adui ziwani. Ni hadithi ya kutungwa, lakini ina mzizi ambao wazee wetu wangaliutambua, kwa maana katika mwaka 1915 Waingereza waliziingiza Kongo mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, wakazivuta kwa matrekta na ng’ombe, wakaziteremsha Lualaba hadi Kabalo, na kutoka huko wakazipandisha reli ya kuelekea Ziwa Tanganyika, ambako zilikwenda kupigana na meli za Wajerumani. Kwa hiyo mtunzi alipoiweka hadithi yake Tanganyika, na mwongozaji John Huston akaihamishia Kongo kwa sababu alipenda maji meusi ya Ruiki na msitu uliouinamia mto pande zote mbili, mimi naona kama kisa kilirudi karibu na kwao.

Waigizaji walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff, bingwa wa rangi. Hao wote wameandikwa vya kutosha, na Hepburn mwenyewe alitoa kitabu juu ya safari hiyo katika mwaka 1987. Fundi wa sauti hakupewa fahari hiyo, na desturi ya kazi yake ndiyo hivyo: akiifanya vema hakuna amtambuaye, na akikosea watu wote ukumbini humjua.

Taabu yake ilianzia kwenye nafasi. Mashua ya African Queen haikuweza kuwabeba waigizaji, kamera, taa na mafundi kwa pamoja, kwa hiyo vilifungwa vyelezo nyuma yake, vikakokotwa kama msafara: juu ya kimoja iliwekwa nakala ya mashua ili ichezewe, juu ya kingine kamera na taa, na juu ya kingine tena jenereta, ambayo mngurumo wake ni adui wa kwanza wa kipaza sauti na lazima iwekwe mbali kadiri nyaya zinavyoruhusu. Adui wa pili alikuwa kamera yenyewe. Kamera ya Technicolor ya siku hizo ilikuwa ikiendesha kanda tatu kwa mara moja, kila kanda kwa rangi yake, na mlio wa meno yake ulikuwa mkubwa hata ikabidi ifunikwe kwa kasha zito lenye vitambaa ndani, jambo ambalo liliwachosha wabebaji bila ya kuumaliza mlio. Na adui wa tatu ni msitu. Mtu wa mjini hudhani kwamba msituni kuna kimya. Lakini sisi tuliolala kandokando ya Lualaba twajua kuwa nyenje wana saa zao, vyura wana saa zao, na ndege wa alfajiri si wale wa magharibi.

Hapo ndipo hikima ya fundi inapodhihirika. Waigizaji wawili wakizungumza, maneno ya mmoja huweza kupigwa picha asubuhi na jawabu la mwenziwe likapigwa alasiri, ilhali mtazamaji ataona na kusikia kana kwamba ni pumzi moja; na kama nyenje waliokuwa wakilia nyuma ya swali hawapo nyuma ya jawabu, sikio la mtazamaji litashtuka ingawa hatajua sababu. Kwa hiyo fundi mwenye maarifa, kabla ya kuondoka mahali, huwaomba watu wote wasimame wasiseme neno wala kukanyaga jani, akakinasa kimya cha mahali hapo kwa muda wa dakika nzima au zaidi, ili baadaye kitandikwe chini ya maneno yaliyokatwakatwa. Katika dunia nzima sijui kazi nyingine ambayo mtu hulipwa kwa kukusanya vimya na kuvitia majina.

Namna ya kuzihifadhi sauti ilikuwa katika zamu ya kubadilika. Kwa zaidi ya miaka ishirini sauti ya sinema ilikuwa ikiandikwa kwa mwanga: kipaza sauti huigeuza sauti kuwa umeme, umeme hukitikisa kilango kidogo cha nuru, na nuru huacha alama juu ya ukanda wa filamu, ambao lazima upelekwe ukasafishwe kwa dawa kabla mtu yeyote hajaweza kuusikiliza. Fundi aliyekuwa porini hakuwa na njia ya kuthibitisha alichokinasa ila masikio yake mwenyewe wakati wa kazi. Baada ya vita vikuu vya pili utepe wa sumaku uliingia, ambao husikilizwa papo hapo. Na katika mwaka ule ule wa 1951, huko Uswisi, kijana aitwaye Stefan Kudelski aliitoa mashine yake ya kwanza ya Nagra, kinasa sauti cha kubebwa begani, ambacho katika miaka iliyofuata kilimfungulia fundi minyororo ya nyaya na magari mazito.

Siha ya watu haikuwa njema. Maji ya kunywa yaliwadhuru wengi, Hepburn akaugua sana, na imekuwa mzaha wa kudumu kwamba Huston na Bogart walisalimika kwa kuwa hawakuyagusa maji, wakashika chupa ya wiski. Siafu waliivamia kambi. Mashua ilizama, ikainuliwa kwa kamba na nguvu za mikono ya watu. Kisha wote wakahamia Uganda, kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, na mandhari ambamo waigizaji wanaingia majini yakamalizwa London, katika hodhi la studio ya Worton Hall, kwa kuhofia magonjwa ya mtoni. Basi mtazamaji anapomwona Bogart akiipiga teke mashine ya mvuke, kisha akaingia majini kuivuta mashua kwa kamba, anasikia nchi tatu zilizoshonwa pamoja, nayo ilikuwa kazi ya mhariri wa sauti, Eric Wood, kuuficha ushoni. Kwa insafu lazima isemwe kuwa waliuficha vizuri.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mimi silisikilizi kwa raha. Filamu inaanza kanisani, katika kijiji kilichojengwa Butiaba kando ya Ziwa Albert: mmisionari anaimba wimbo wa dini, dada yake anapiga kinanda akitokwa na jasho, na waumini Waafrika wanaitikia kwa mvumo usio na neno hata moja, mfano wa nyuki mzingani. Wameongozwa wavume vile ili mtazamaji acheke. Kila neno la Bogart lililindwa dhidi ya jenereta, kamera na nyenje kwa tadbiri zote nilizozieleza. Watu wa nchi, wenye lugha zao na nyimbo zao, waliingizwa katika filamu kama sehemu ya hewa ya mahali. Silitupi kosa hili juu ya Mitchell, maana fundi hunasa kile anachoamriwa na mwongozaji. Lakini sikio langu haliachi kuuliza.

Nalo huuliza zaidi kwa sababu ya mahali penyewe. Nchi ya Stanleyville ilikuwa na mafundi wa sauti kabla ya mtu yeyote kuleta waya. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu, alitoa kitabu katika mwaka 1949 juu ya ngoma zinenazo za Walokele na jirani zao, akaeleza kuwa gogo lililochimbwa lina midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini, na kwamba mpigaji hufuata kupanda na kushuka kwa lugha yake. Na kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa mlio, kila neno huongezewa maelezo marefu ya kulipambanua, hata mwezi ukawa na jina la sentensi nzima. Ujumbe ulivuka mto na msitu hivyo, na asiyeijua lugha akasikia kelele. Wageni wale walipiga kambi yao mwendo wa siku chache tu kutoka kwa maarifa hayo, na katika filamu yao hayamo.

Wala wenyeji hawakuwa na njia nyepesi ya kuisikiliza kazi iliyotoka. Sheria ya Wabelgiji ya mwaka 1945 ilizuia Mwafrika kuonyeshwa filamu isiyopitishwa na baraza la ukaguzi kwa ajili ya Waafrika, na serikali pamoja na mapadri wakawatengenezea filamu za peke yao, fupi na za mafunzo, ambazo zilizungushwa vijijini kwa gari. Nyingi katika hizo zilikuwa bubu. Pembeni ya turubali nyeupe alisimama mfasiri Mwafrika mwenye kipaza sauti, akayasimulia mambo kwa Kiswahili au Kilingala kadiri picha zilivyopita, akitia chumvi pale alipoona watu wamelegea. Mtu huyo ndiye aliyekuwa sauti yote ya sinema, na ajabu ya kadhia hii ni kwamba maneno yake hayakunaswa na mashine yoyote. Kila usiku yalizaliwa upya.

Mitchell alirejea Uingereza akaendelea na kazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alizifanyia sauti filamu kadha za James Bond, ikiwamo You Only Live Twice ya mwaka 1967. Kwa Diamonds Are Forever ya mwaka 1971, na tena kwa A Passage to India ya David Lean ya mwaka 1984, aliteuliwa pamoja na wenziwe kwa tuzo ya Oscar ya sauti, ingawa haikumfikia mara zote mbili. Kumbukumbu zake aliziandika katika kitabu, Flickering Shadows, kilichotoka mwaka 1997.

Tuzo hiyo ilimfikia mwingine wa rika lake, na ilimfikia kwa njia ya Afrika ya Mashariki. Peter Handford alizaliwa Uingereza mwaka 1919, akaingia studio ya Denham kijana mdogo kabla ya vita, na wakati wa vita akatumikia kikosi cha filamu cha jeshi. Huyu alikuwa na mapenzi ya ajabu ambayo mtu wa Kindu au Kongolo angeyaelewa mara moja: aliyapenda magari ya moshi, na aliyapenda kwa masikio. Katika miaka ya 1950, alipoona kwamba injini za mvuke zinaelekea kutoweka Uingereza, alichukua vinasa sauti vyake usiku kwenye vilima na vituo vya mashambani, akangoja katika baridi mpaka treni ya mizigo ipande mlima kwa shida, akazinasa pumzi zake za mwisho, akazitoa katika santuri za lebo yake mwenyewe, Transacord. Rafiki zake walimshangaa, wanunuzi walikuwako. Hata alipoalikwa kufanya Murder on the Orient Express katika mwaka 1974, ambayo ni filamu ya gari la moshi toka mwanzo, hakuna aliyekuwa na haja ya kumfundisha injini huvutaje pumzi.

Katika kazi ya sinema Handford alikuwa mtu wa msimamo. Watayarishaji wengi waliona ni rahisi kuyaacha maneno ya mahali yapotee, kisha kuwaita waigizaji studio wayaseme upya mbele ya picha. Yeye alishikilia kwamba neno lililosemwa na mtu aliyekuwa akitembea, akipanda ngazi au akitetemeka kwa upepo halina badali, na kwamba ni wajibu wa fundi kulipata hapo hapo. Alimfanyia kazi Hitchcock, na alikuwako katika Saturday Night and Sunday Morning ya mwaka 1960, moja ya filamu ambazo Waingereza wa tabaka la kazi walisikika ndani yake kwa lafudhi zao wenyewe. Nadhani historia hii ya lafudhi ina maana kwa yaliyofuata.

Sydney Pollack alipokwenda Kenya kuitengeneza Out of Africa, Handford alikuwa fundi wake wa sauti wa mahali. Gari la moshi limo, linakata mbuga, na ni dhahiri alilifurahia. Imo pia santuri ya Mozart iliyochezwa porini mbele ya nyani, ambao wanasogea, wanakishangaa chombo, kisha wanakigusa. Mandhari ambayo yote yamesimama juu ya sikio. Lakini lililo kubwa kwetu ni kwamba watu wa nyumbani na wa shambani wana maneno. Farah, aliyeigizwa na Malick Bowens wa Mali, na Kamante, aliyeigizwa na Joseph Thiaka, wanazungumza wakafahamika, na Kiswahili kinapita katika filamu kama lugha inayoamrisha, kukataa na kuuliza. Bado ni hadithi ya bibi wa Kizungu na shamba lake, na mtu aweza kuilaumu kwa hilo. Lakini ukiisikiliza baada ya ule mvumo wa Butiaba, utaona umbali uliokwisha kutembewa katika miaka thelathini na minne. Filamu ilipata tuzo saba za Oscar mwezi wa Machi 1986, na ya sauti ilikwenda kwa Handford pamoja na Chris Jenkins, Gary Alexander na Larry Stensvold.

Miaka mitatu baadaye alitajwa tena katika uteuzi wa tuzo hiyo kwa Gorillas in the Mist ya mwaka 1988, iliyopigwa Rwanda kwenye miteremko ya Virunga. Maisha ya Dian Fossey, yanayosimuliwa humo, yalianzia upande wetu: alianza kazi Kabara, ndani ya Kongo, mwaka 1967, akaondolewa na vurugu za miezi ile, ndipo akavuka mpaka na kuanzisha Karisoke. Alijifunza kuwasogelea sokwe wale wakubwa kwa kuiga mguno wao wa kuridhika, mguno wa tumboni usiopandisha sauti, na kwa hiyo filamu juu yake haingeweza kusimama bila ya fundi aliyekubali kupanda mlima wenye matope na mvua akiwa na mashine, ili apate kitu kidogo kama mguno. Handford alikuwa amekaribia umri wa miaka sabini. Alikufa mwaka 2007.

Baada ya mafundi hao wageni, mto wetu ulisikika tena, mara hii kwa mwana wa nchi: katika mwaka 2020 filamu ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, ilichaguliwa Cannes. Jina lake ni En route pour le milliard, nayo inawafuata watu waliokatika viungo katika vita vya siku sita vya Kisangani vya mwezi wa Juni 2000, vita vya majeshi ya Rwanda na Uganda ndani ya mji usio wao, wakisafiri kwa mashua kubwa kushuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia ambayo hawakupewa. Hakuna vyelezo vya jenereta wala kasha la kamera. Vyombo ni vidogo, watengenezaji ni wachache, na wanalala juu ya mashua ile ile pamoja na abiria. Mvua inapowanyeshea usiku, turubali linapigwa na matone, watoto wanalia, mtu anamwita mwenziwe ashike upande wa pili, na fundi hakuomba kimya cha mtu yeyote. Wanasema maneno yao wenyewe, wanagombana juu ya fedha na juu ya nani atakayesema mbele ya wabunge, wanaimba na kuigiza mashaka yao jukwaani. Na walipofika kwenye majengo ya serikali na kuzuiwa mlangoni, walisimama nje wakapaza sauti, na kila neno lilinaswa.